Mwaka Ambao Sultani Alikataa Kula

Simu ya Swaleh ilinikuta Karurumo, nimesimama ndani ya bwawa la mkulima mmoja, maji yamenifika magotini, nikimweleza kwa mara ya tatu kwamba samaki wake hawajarogwa na jirani, wamekosa hewa tu. Niliipokea kwa mkono wenye tope. Swaleh hakuzunguka. "Wawira, mama ametutoka. Tulimzika jana baada ya alasiri." Nikampa pole, nikamwambia nakuja, kisha nikamrudia yule mkulima nikamalizia maelezo yangu ya hewa na mbolea, maana ndivyo nilivyo: likinipata jambo zito, mikono yangu hutafuta kazi kwanza. Nililia baadaye, nimeegesha gari kando ya barabara ya kwenda Chuka, na nililia vibaya. Kesho yake nilikuwa Kaaga, mjini Meru, nimejitanda leso, nimekaa mkekani na wanawake wengine katika sebule niliyoifahamu kila ufa wake, kwa kuwa niliishi katika nyumba ile mwaka mzima nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Walikuwa wakimtaja marehemu kwa mema yake: duka lake la vitambaa, pilau yake, jinsi alivyokuwa hawezi kumwacha mgeni atoke bila kutia kitu kinywani. Hakuna aliyemtaja samaki. Pale chini ya dirisha, lilipokaa tangi la kioo, sasa pana kabati la vyombo. Nililikodolea macho lile kabati mpaka mwanamke mmoja akaniuliza kama nilikuwa nataka kikombe.

Tangi lile lilikuwa refu kama kitanda cha mtoto, na ndani yake aliishi samaki mmoja tu. Watu wa pwani humwita kitatange, samaki wa kwenye miamba ya bahari, mpana na mwembamba kama sahani. Huyu alikuwa wa buluu iliyokolea, amechorwa mistari ya njano kutoka ubavuni hadi mkiani, na machoni ana utepe mweusi uliomfanya aonekane kama mtu anayekushuku. Swaleh alimwita Sultani. Kabla ya kupata kazi Uarabuni, Swaleh alifanya kazi Kilifi na wazamiaji wanaovua samaki wa mapambo, na huyu alimleta Meru akiwa mdogo kama kiganja, wakati ngozi yake ilikuwa bado na duara nyeupe za utotoni. Walikuwapo wengine, ila walikufa mmoja mmoja baada ya Swaleh kusafiri, akabaki Sultani. Mama Swaleh alikuwa ameogopa. Siku ya kuondoka, mwanawe alimshika mikono akamwambia kwamba kila kitu kingine ndani ya chumba chake anaweza kukigawa, lakini Sultani ni amana, akirudi anataka kumkuta. Ndipo jirani yake, Mwalimu Gacheri, mwalimu mstaafu aliyekuwa na neno la kusema juu ya kila jambo, akamwambia kuna msichana huko Kanja ana diploma ya samaki na amekaa tu nyumbani anachuma kahawa. Msichana huyo alikuwa mimi.

Nilifika na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya plastiki na kiburi kisichoenea ndani ya bahasha yoyote. Chuoni nilikuwa nimefundishwa perege na kambare, samaki ambao ukiwatupia pumba wanakula, ukiwatupia ugali wanakula, na ukisahau kuwatupia kitu wanakulana wenyewe. Sultani alinitazama siku ya kwanza, akanigeuzia ubavu, akaingia nyuma ya mawe yake. Kila nilichojua hakikumhusu. Alitaka maji yasiyopanda wala kushuka joto, chumvi isiyozidi wala kupungua, pango la kujificha, na chakula kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Tena si chakula kimoja: leo kamba wa baharini aliyekatwakatwa, kesho kome aliyefunguliwa gamba, keshokutwa utepe wa mwani uliofungwa kwenye jiwe kwa mpira, na mara kwa mara kipande cha sifongo cha baharini, maana huko miambani sifongo ndiyo ugali wa kitatange. Vyote hivyo, pamoja na mapipa ya maji ya bahari, vilitumwa kutoka Kilifi na Bakari, mzamiaji aliyefanya kazi na Swaleh, ambaye sikuwahi kumwona uso kwa uso lakini sauti yake naijua kuliko za binamu zangu. Bakari ndiye aliyekuwa chuo changu cha pili. "Dadangu," alikuwa akiniambia, "huyo si wa kumlazimisha. Huyo ni wa kumbembeleza. Akikuona una pupa, anakukimbia."

Mama Swaleh hakuwa na diploma wala hakuwa na pupa. Kila siku baada ya sala ya alasiri alinawa mikono bila sabuni, akaisuuza mara tatu, akavuta kigoda cha jikoni hadi chini ya dirisha, akafungua kifuniko cha tangi. Sultani alitoka pangoni kabla mkono haujagusa maji. Alimnyofolea kipande cha kamba kidoleni, akarudi nyuma, akakitafuna, akaja tena. Wakati huo mama alikuwa akimweleza habari za siku: nani kaja dukani, bei ya khanga imefikaje, Swaleh amesema nini Ijumaa iliyopita. Mimi nilisimama mlangoni na daftari langu nikiandika vipande alivyokula, na naungama hapa kwamba nilikuwa na wivu. Kwangu alikula pia, ndiyo, lakini nikishaondoa mkono tu. Jioni tulikula sisi. Kamba waliosalia Mama Swaleh aliwakaanga kwa kitunguu saumu, na mara ya kwanza nilipowaona na masharubu yao nilisema kwetu Kanja mdudu kama huyo tunamponda kwa kiatu. Alicheka mpaka akashika meza. "Kula, Wawira. Utamlishaje mtu chakula ambacho wewe mwenyewe hukijui ladha?"

Mwezi wa saba, baridi ya Meru ilipokuwa imekaza na ukungu haukuinuka Kaaga mpaka saa nne, stima ilipotea asubuhi na ikakataa kurudi siku nzima. Hita ikapoa, pampu ikanyamaza. Tulichemsha maji kwenye jiko la makaa, tukayatia katika chupa za soda, tukaziteremsha ndani ya tangi mbili mbili, na mama akavua blanketi lake zito kitandani tukalizungushia kioo kama tunamfunga mgonjwa. Mimi nilichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa, kikombe baada ya kikombe, kuanzia adhuhuri hadi jua likatua, na kila niliposema mkono umekufa Mwalimu Gacheri aliyekuwa amekuja kunywa chai alisema, "Badilisha mkono, huo mwingine uko na shida gani?" Stima iliporudi, kipimajoto kilikuwa kimeshuka kidogo tu. Siku ile nilijiona mtaalamu kamili. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kupotea, kwa sababu kuanzia siku ile sikusikia tena mtu isipokuwa Bakari, na Bakari naye nilimsikia nusu.

Sasa niseme habari ya maji. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kwenda hewani, lakini chumvi haiendi, kwa hiyo unachojazia si maji ya bahari bali maji matamu, lita moja au mbili kwa siku. Maji ya mfereji wa Kaaga yalikuwa na harufu ya dawa, na kipindi kile cha kiangazi yalikuja kwa zamu. Kulikuwa na njia rahisi, ya kuyaacha ndooni siku mbili harufu iishe. Mimi nikaidharau. Mtu wa Kanja amekua akinywa maji yanayoshuka kutoka msituni, baridi mpaka meno yanauma, na hakuna anachokidharau kama maji ya mjini. Nilikuwa nikienda nyumbani kila baada ya wiki mbili, basi nikaanza kurudi na mtungi wa njano wa lita ishirini uliojazwa kwenye chemchemi ya kwetu, na kila safari nikaacha nyumbani ule mtupu wa safari iliyopita. Wapakiaji wa mizigo walinicheka: unapeleka maji Meru, Meru hakuna maji? Nikawajibu kwamba haya ni ya mgonjwa maalum. Mama Swaleh aliyaonja, akasema ni matamu kweli. Leo, mkulima akiniletea samaki waliokufa ndani ya karai, swali langu la kwanza halihusu samaki. Nauliza maji yaliletwa na chombo gani, na kabla ya maji chombo hicho kilibeba nini. Wananiona mtu wa ajabu.

Konokono ndio walioanza. Kulikuwa na konokono wadogo kumi na wawili waliosafisha kioo, na ndani ya wiki moja wote walikuwa wameanguka chini, midomo wazi. Nikaandika daftarini: baridi. Kisha Sultani akaacha mwani. Akaacha kome. Siku iliyofuata alimfuata kamba hadi karibu, akamtazama, akageuka. Mashavu yake yakawa yanapiga haraka haraka, na ile buluu yake ikawa kama kitambaa kilichofuliwa sana. Niliangalia hita, nikapima chumvi, nikasafisha chujio, vyote vilikuwa sawa. Mimi nilikuwa sawa. Kwa hiyo kosa lilikuwa la mtu mwingine, na nikaanza kumtafuta mtu huyo ndani ya nyumba yenye watu wawili.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya tatu ya Sultani kukataa chakula. Nyumba ilinukia pilau, Mwalimu Gacheri alikuwa kitini na sahani ya sambusa mapajani. Nilitoka chumbani nikamkuta Mama Swaleh ameinamia tangi, kifuniko kimefunguliwa, sambusa iliyoumwa mkononi, na juu ya maji kuna kichembe cha unga uliokaangwa kinaelea. Alikuwa ameinama tu kumwangalia, kichembe kikamponyoka. Hilo nalijua sasa. Wakati ule sikutaka kujua. "Mama Swaleh, kumbe ni wewe unamuua!" nilisema, na si kwa sauti ya chini. "Mkono una mafuta, una viungo, na kila siku unauingiza humo ndani. Hiyo ndiyo sumu! Mimi nahangaika kumbe sumu ni mkono wako!"

"Wawira!" Mwalimu Gacheri akaweka sahani chini. "Hivyo ndivyo unaongelesha mtu mkubwa? Kwa nyumba yake?"

"Nasema ukweli, Mwalimu. Mnataka ninyamaze ama mnataka samaki akufe?"

Mama Swaleh aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeonyeshwa doa. Kisha akafunga kifuniko taratibu. "Basi sitamgusa tena," alisema. "Wewe ndiye umesomea." Na haikuishia hapo. Swaleh alipopiga simu jioni, kama alivyopiga kila Ijumaa, niliiomba nikamwambia mwenyewe kwamba Sultani anaumwa kwa sababu mama amekuwa akimlisha kwa mikono yenye mafuta. Simu ilikuwa kwenye spika. Tukamsikia wote akisema, "Mama, si nilikuambia umwachie mtu wa kazi yake? Samaki mmoja tu, Mama. Mmoja tu." Naye akajibu, "Ndiyo, mwanangu. Nimesikia." Kuanzia siku ile, baada ya alasiri alikwenda jikoni, akakaa kwenye kigoda chake ameelekea ukutani, akachambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua asubuhi.

Siku ya nane, ya tisa, ya kumi. Sultani alikonda mpaka mgongo wake ukatokeza juu ya macho. Nilijaribu kila kitu isipokuwa kujiuliza swali moja. Nilimponda kamba na kitunguu saumu ili harufu imvute, nikafunika kioo kwa gazeti asione watu, nikapunguza taa. Maji ya chemchemi yakaisha, nikaenda Kanja kuchota mengine, nimekasirika dunia nzima. Nilimkuta mama yangu shambani, pampu ya kupulizia dawa mgongoni, na chini ya mkahawa wa kwanza umewekwa mtungi wa njano. Alikuwa akimimina kutoka mtungini maji ya buluu kama ya kufulia shati jeupe. Ilikuwa kopa, ile dawa ambayo kila nyumba ya kahawa huku kwetu huinyunyizia mikahawa isishikwe na ugonjwa.

"Mama, hiyo mtungi ni ya nani?"

"Si ni ile yako ya samaki."

"Unachanganyia kopa ndani?"

"Sasa nichanganyie wapi, kwa sufuria ya chai? Nikimaliza naosha. Naosha na mchanga na sabuni, kwani mimi ni mchafu?" Alinitazama usoni, akavua pampu. "Ni nini, Wawira? Kuna ng'ombe imekunywa?"

Niliugeuza mtungi, nikachungulia ndani kwa jua. Katika pembe za chini, pale ambapo mchanga na sabuni havifiki, kulikuwa na ukoko wa buluu. Kopa ni shaba. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, katika daftari la chuo, kwamba shaba kidogo sana inaua konokono kwanza, na samaki wa baharini huacha kula kabla ya kufa. Maji huenda hewani, shaba hubaki. Na mimi nilikuwa nimemjazia Sultani kidogo kidogo, lita kwa lita, kwa miezi miwili, kwa upendo na kwa majivuno. Nilikaa chini pale pale kwenye majani makavu ya mikahawa. Mama yangu alinichemshia uji, akauweka mbele yangu, ukapoa. Nilichokuwa nikikiona ni Mama Swaleh akiigeuza mikono yake.

Nilimpigia Bakari nikiwa bado Kanja, nikamweleza yote. "Shaba? Haya, sikiliza dadangu. Kulia utalia kesho. Maji hayo toa. Mawe nayo yashakunywa sumu, yatoe yote, usiyaonee huruma. Nakutumia mapipa manne na mawe mapya, gari la samaki litaondoka kesho asubuhi. Makaa ya chujio badili leo." Nilirudi Kaaga mikono mitupu. Njiani nilikuwa nimekata shauri nitamwambia Mama Swaleh kila kitu, lakini aliponifungulia mlango na kuniuliza nyumbani hawajambo, nikajibu hawajambo tu. Nikasema maji ya tangi yamechoka, yanahitaji kubadilishwa yote. Hakuuliza swali. Aliniamini, na imani ile ilinichoma kuliko kama angenifokea. Nilijiambia: kwanza samaki, maneno baadaye. Ni uongo wa mtu mwoga anayejifanya ana kazi nyingi.

Mapipa yalifika. Kwa siku mbili niliyapasha joto, nikayapima, nikatoa ya zamani kwa mpira na kuingiza mapya polepole, nguo zangu zimekauka chumvi, vidole vimepasuka. Mawe ya zamani niliyazika nyuma ya nyumba ili kuku wasiyadonoe. Siku ya tatu mashavu ya Sultani yalitulia. Alianza kutembea, akaukagua kila upenyo wa mawe mapya. Nilidhani tumeshinda. Lakini hakula. Nilimpa kome akiwa hai ndani ya gamba lake, hakula. Nilimpa sifongo iliyotoka baharini jana yake, akainusa akaondoka. Bakari aliniambia hatari sasa si sumu, hatari ni njaa: kitatange akikaa muda mrefu bila kula husahau kula, na akifika hapo hakuna wa kumrudisha. "Nikuulize," akasema. "Huyo alizoea kula mkononi mwa nani?" Nikamwambia. "Basi mpe mama amlishe. Ushasafisha maji, kimebaki nini?" Nilishika simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata.

Nilimkuta jikoni, kwenye kigoda, sinia la mchele mapajani. Nikamwomba aje amjaribu Sultani. Hakuinua macho. "Mkono huu si ulisema ni sumu?" aliuliza, bila hasira yoyote, kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. "Mwanangu akinikuta nimemuua samaki wake kwa mkono huu, nitamwambia nini? Hapana, Wawira. Wewe endelea." Akasogeza kokoto kando kwa kidole. Nikapiga moyo konde. Nikapiga magoti kwenye saruji, nikamwambia: mtungi, kopa, konokono, chemchemi ya kwetu, daftari langu la chuo, na kwamba nilikuwa nimejua kwa siku sita na nikanyamaza. Mkono wake haukuwa na kosa hata kidogo. Nilisema samahani mara nyingi mpaka neno likawa halina maana.

Aliuliza jambo moja. "Siku sita?"

"Ndiyo, Mama."

"Siku sita nimekaa hapa nikiangalia ukuta, na wewe unajua." Aliweka sinia chini. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa nilichokifanya. Sikuwa nimemnyang'anya samaki tu. "Samahani yako nimeisikia," alisema hatimaye. "Lakini hukuniambia mimi peke yangu. Ulisema mbele ya Mwalimu. Ukamwambia na mwanangu. Yale maneno yako bado yako kwao, yanatembea. Nenda ukayatoe ulikoyaweka. Ukimaliza uje tuongee habari ya samaki."

Wengine watasema ni ukali, samaki anakufa njaa na mama anadai maneno. Mimi wakati ule niliona ni haki, na leo nikiwa na miaka mingi zaidi naona ilikuwa haki kamili. Niliruka ua hadi kwa Mwalimu Gacheri, nikamkuta akimenya nduma. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu yeyote, halafu akasema, "Sasa umeanza kuwa mtu. Ngoja nivae viatu." Tukarudi pamoja. Swaleh hakuwa wa kupigiwa mpaka Ijumaa, lakini nilimpigia siku ile ile, akiwa kazini, kelele za magari nyuma yake. Nikaweka spika mezani, mbele ya mama yake na Mwalimu, nikasema kwa sauti ile ile niliyotumia kumtukana mtu mkubwa: ni mimi niliyemtilia Sultani sumu, nilimsingizia mama yako, ukamkemea kwa uongo wangu. Swaleh akasema, "Wawira, mpe mama simu. Toa spika."

Nilitoka hadi koridoni, lakini nyumba ile kuta zake zilikuwa nyembamba. Nilimsikia Mama Swaleh akisema, "Aa, yameisha." Akasema, "Usilie, uko barabarani." Kisha akasema, "Alisema mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Hapana, usimfukuze. Nani atapima hiyo chumvi? Mimi sioni hata zile namba." Halafu akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Ijumaa ile. Nilipoambiwa nirudi, simu ilikuwa imefunikwa mezani na Mama Swaleh yuko kwenye sinki, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni. Alisuuza mikono mara tatu. Safari hii alinigeukia, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu. "Iangalie," akasema. "Wewe si ndiye mtaalamu? Ina kitu?" Nikasema haina kitu, Mama. Mwalimu Gacheri akasema, "Useme kwa nguvu." Nikasema kwa nguvu.

Jua la saa kumi lilikuwa limeingia dirishani. Alifungua kifuniko, akatumbukiza vidole viwili vyenye kipande cha kamba kidogo kama punje ya mahindi, akangoja. Hakumwita. Alianza tu kumweleza yaliyotokea siku zote alizokosa kuja, duka, mvua, bei, kana kwamba wote wawili walikuwa safarini na sasa wamerejea. Sultani alichungulia. Akatoka nusu, akarudi. Akatoka tena, ubavu mwembamba, mistari ya njano imefifia, akaja hadi kwenye kidole, akakitazama kile kipande kwa jicho moja na kisha kwa jingine. Akakidaka. Akakitema. Kipande kikawa kinazama polepole, naye akakifuata chini, akakidaka tena, na mara hii mashavu yalitafuna. Mwalimu Gacheri alijifunika uso kwa leso yake. Mama Swaleh alichukua kipande cha pili, kisha cha tatu, na mimi nilikuwa bado nimesimama kule mlangoni, daftari kifuani, siandiki chochote, nikijua kwamba mahali pangu si pale karibu. Hakugeuka kunitazama. Mkono wake ukiwa bado majini, alisogea kidogo, akaacha nafasi upande wake wa kushoto.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Akuone uko na mimi."